Mama wa spea aingia judo: uchambuzi wa kisa kimoja cha Jogoo Road

Mwanafunzi wa kisa hiki ni mwanamke wa miaka 38. Ana duka dogo la spea za magari Kirinyaga Road, anakaa Umoja, ana watoto wawili, na hakuwa amefanya mchezo wowote tangu amalize shule. Ni kisa cha mfano, kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika kumbi za mazoezi za Nairobi, na ndiyo maana hana jina. Mwalimu yeyote anayefundisha watu wazima hapa mjini atazitambua hatua zake.

Chanzo kilikuwa simu. Jioni moja alikuwa steji akisubiri matatu, simu iko sikioni, mkono ukatokea nyuma yake ukaivuta. Aligeuka kwa nguvu, kisigino kikakosa ukingo wa njia, akaenda chini kinyumenyume akitanguliza mkono wa kulia. Kigasha kikavunjika karibu na kifundo. Plasta ilikaa wiki 6, kisha kukawa na wiki nyingine za kufinya mpira na kukunja kiganja taratibu, huku ndugu yake akimshikia duka.

Kilichomtisha ni mwizi. Kilichomvunja mkono ni kuanguka vibaya. Nyumbani na dukani, kila mtu aliongea juu ya mwizi: ungempiga teke, ungemng'ata, jifunze karate. Hakuna aliyetaja kuanguka. Kosa hilo la kusoma tukio ndilo huwapeleka watu wengi kwenye mafunzo yasiyowafaa, kwa hiyo tulitazame kwanza. Mtu akivutwa nyuma, mkono hutangulia wenyewe, kiganja wazi na kiwiko kimenyooka. Uzito wa mwili hupita kwenye kiganja kuingia kwenye kigasha, na mfupa hukatika sentimita mbili au tatu juu ya kifundo. Usipokatika hapo, mzigo hupanda hadi kwenye kiwiko au mtulinga. Mwili wa mtu mzima ambaye hajafundishwa utafanya hivyo kila mara, hata kama anajua mateke kumi.

Semina ya Jumamosi moja

Hatua yake ya kwanza ilikuwa semina ya kujilinda iliyoandaliwa na chama cha akina mama anachochangia. Walifundishwa mbinu 12 kwa saa tatu. Ukigawanya ni robo saa kwa kila mbinu, na ukitoa maelezo na zamu ya mwenzako, unabaki na kama dakika tano za kuifanya wewe mwenyewe. Mwenzako naye alikuwa amesimama tu akingoja kushikwa. Baada ya wiki mbili mama huyu alikumbuka mbinu moja, ya kujinasua mkono uliokamatwa, na hata hiyo alikumbuka mwanzo wake tu.

Semina za namna hii si bure. Zinamfanya mtu azungumze juu ya usalama wake bila aibu, na hilo lina faida. Lakini hazimfundishi mwili, kwa sababu hakuna anayekataa. Jigoro Kano, Mjapani aliyeasisi judo, alipoanzisha Kodokan, ukumbi wake wa mjini Tokyo, mwaka 1882 alikuwa akikabili tatizo la jamii hiyohiyo. Jujutsu aliyojifunza, sanaa ya zamani ya Kijapani ya kupigana, ilikuwa na mbinu nyingi ambazo huwezi kumfanyia mwenzako kwa nguvu zote bila kumvunja. Mapigo na mbinu za hatari akayahifadhi kwenye kata, ambazo ni mazoezi yenye mpangilio uliokubaliwa. Katika randori, yaani pambano la mazoezi, akabakiza kutupa, kubana na yale mengine ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa nguvu dhidi ya mwenzake anayekataa, kisha wote wawili wakaenda nyumbani salama. Yule anayekataa ndiye mwalimu wa kweli wa mwili. Jumamosi moja haitoshi kumleta.

Kwa nini ukumbi huu na si mwingine

Baada ya semina ilipita miezi minne bila lolote. Alifikiria ndondi, maana Eastlands ni ngome ya ndondi na jina la Robert Wangila, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988, bado linatajwa. Lakini kila ngumi inayotua kwenye gunia hurudi kupitia kifundo cha mkono, na chake kilikuwa kimetoka kwenye plasta. Taekwondo aliyoisikia ilikuwa upande wa Thika Road: matatu mbili kwenda, mbili kurudi. Darasa la karate lilikuwa Jumamosi alasiri, saa ambazo mafundi wa gereji hufurika dukani kwake.

Judo alikutana nayo kupitia mpwa wake wa miaka 11 aliyekuwa akifanya mtihani wa mkanda katika ukumbi wa kijamii karibu na Jogoo Road. Alikwenda kama shangazi, kumshikia mtoto viatu. Aliona mwanamke wa umri wake akitupwa na kijana wa sekondari, akapiga mkeka kwa mkono, akainuka, akakamata tena. Mtihani ulipokwisha alimfuata mwalimu.

“Mwalimu, watu wa umri wangu mnachukua?”

“Tunachukua, mama. Njoo Jumanne saa kumi na mbili jioni. Vaa traksuti isiyo na zipu na tisheti ya mikono. Siku hiyo hulipi.”

“Na mkono huu ulivunjika.”

“Basi uje na karatasi ya daktari. Mpaka niione, utakaa unaangalia.”

Jibu hilo ni zuri kuliko linavyoonekana. Lina siku, saa, nguo, bei na sharti. Mwalimu anayejibu “karibu wakati wowote” hajamwalika mtu mzima. Amemwachia kazi ya kupanga, na mtu mwenye duka na watoto hataipanga. Lile sharti la karatasi nalo lilimtuliza. Mahali panapouliza kuhusu mkono wako kabla ya kuuliza kuhusu pesa zako ni mahali pa kurudi.

Ukumbi wenyewe uko njiani kati ya duka na nyumba. Anafunga saa kumi na moja na nusu, anashuka katikati ya safari, anamaliza saa moja na nusu, anapanda tena. Kwa mtu anayefanya kazi Nairobi, barabara huamua mengi kuliko jina la mchezo. Mwalimu anayetaka watu wazima aulize kwanza wanapita wapi jioni.

Wiki za kuanguka

Karatasi ya daktari ilisema mfupa umeunga vizuri, anaruhusiwa, ila asiegemeze uzito wote kwenye kiganja cha kulia. Mwalimu akaondoa mara moja pushapu za kiganja, kutembea kwa mikono, na kila mchezo wa kupasha mwili moto unaobeba uzito mkononi.

Ukumbi una sakafu ya saruji. Juu yake hutandikwa mikeka ya povu ya mita moja kwa mita moja, unene wa sentimita 4, inayoshikana kwa meno. Ile ya sentimita 2 inayouzwa kwa vyumba vya watoto haifai judo. Kisogo kitaihisi saruji. Kabla ya kila kipindi wanafunzi hupita mikeka kwa nyayo wakitafuta nafasi kati ya kipande na kipande, kwa sababu kidole cha mguu kikiingia hapo huku mwili unageuka, kinatenguka. Mkeka wa ukutani huachwa bila mtu.

Mama huyu alikuja amesuka nywele ndefu zenye shanga. Shanga hukwaruza uso wa mwenzako na hukatikia mkekani. Zilitolewa, nywele zikafungwa nyuma kwa kitambaa chenye mpira kisicho na chuma. Pete, hereni na cheni zikaingia mfukoni. Kucha zikakatwa palepale, za mikono na za miguu. Kutoka mkekani kwenda chooni ni lazima uvae ndapa. Hapo ndipo choa hushindwa au hushinda.

Kisha kuanguka. Kwa Kijapani huitwa ukemi, na aliianza akiwa amelala chali, mahali ambapo huwezi kuanguka zaidi. Mikono imekunjwa juu ya kifua, kidevu kimebanwa, macho yanatazama fundo la mkanda, au kwake yeye kamba ya traksuti. Mikono miwili inashuka pamoja na kupiga mkeka kwa urefu wake wote, kuanzia kiganja hadi juu ya kiwiko, kiganja kikitazama chini, ikiwa wazi digrii 30 hadi 45 kutoka ubavuni. Ikipanuka hadi usawa wa bega, bega ndilo linalopokea mshtuko. Ikikaribia mno ubavu, mwili huiangukia. Pumzi hutoka wakati wa kupiga. Mara 20, kupumzika, mara 20 tena.

Baada ya hapo alifanya akiwa ameketi, kisha amechuchumaa, kisha amesimama. Watoto hupita ngazi zote nne kwa vipindi viwili. Yeye alichukua sita, na huo ni mwendo wa kawaida kwa mtu mzima aliyewahi kuvunjika.

Alipokwama ni kwenye kuchuchumaa. Kila alipojiachia nyuma, mkono wa kulia ulikimbilia mkekani na kiwiko kimenyooka, vilevile kama siku ya steji. Kumwambia “usitangulize mkono” hakukusaidia chochote, kwa sababu mkono huo haungoji amri. Mwalimu alimpa kazi ya kuupa mkono: ashike ukosi wa kushoto wa tisheti kwa mkono wa kulia, na wa kulia kwa mkono wa kushoto, kisha ajibingirishe nyuma bila kuachia kabisa. Hakuna kupiga mkeka. Mgongo umeviringwa, nyonga inagusa karibu na kisigino, mwili unazunguka hadi mabega na kurudi. Mara 15 kila kipindi kwa vipindi vitatu. Mwili ulipoamini kwamba mgongo unaweza kupokea sakafu bila msaada wa mkono, kupiga mkeka kukarudishwa, kwanza kwa mkono wa kushoto peke yake.

Kosa la pili lilikuwa kutazama dari. Shingo ikilegea, kisogo hugonga, na hapa hakuna nafasi ya majaribio. Dawa yake ni kitambaa cha mkononi kilichokunjwa mara nne na kubanwa kati ya kidevu na kifua. Kikianguka, zoezi halihesabiwi. Siku ya kwanza kilianguka karibu kila mara. Kwenye kipindi cha nne alimaliza 20 nacho kikiwa mahali pake, kimelowa jasho.

Wanafunzi huona wiki hizi kama kungoja judo ianze. Ni vyema mwalimu aseme wazi kwamba ndiyo imeanza. Kati ya yote atakayojifunza, hili ndilo atakalolitumia zaidi maishani: ngazi zenye maji, matope ya Aprili, matatu inayoondoka kabla hajashika chuma.

Kubanwa chini

Kazi ya chini ilifuata, kabla ya kutupana. Mpangilio huo ni wa makusudi: chini hakuna umbali wa kuanguka, na mtu huzoea uzito wa mwenzake. Bano la kwanza ni kesa-gatame. Anayebana huketi pembeni ya mbavu za mwenzake, mkono mmoja umezunguka shingo, mwingine umebana mkono wa mwenzake kwapani, miguu imetawanywa kama mkasi. Kwenye mashindano, sekunde 20 za bano humaliza pambano.

Mara ya kwanza alipobanwa alishikwa na hofu. Alizuia pumzi, akasukuma uso wa mwenzake, akasahau kugonga mkeka, ishara ya kutaka kuachiwa. Walimu wasiojali husema “vumilia, utazoea”. Wanakosea, na huwapoteza wanawake wengi hapo hapo. Mtu aliyewahi kushambuliwa anaweza kurudishwa kwenye tukio lake na uzito wa mwili wa mtu mwingine, na uvumilivu wa kulazimishwa huifanya hofu iote mizizi. Kilichofanyika ni hiki. Zoezi lilisimamishwa, akakaa, akanywa maji. Kwa kipindi kizima kilichobaki yeye ndiye aliyebana. Kipindi kilichofuata alibanwa na mwanamke mwenye kilo karibu sawa na zake, kwa sekunde 5, na kila mara alitakiwa kugonga mkeka mara mbili hata kama haumii, mwenzake aachie papo hapo. Lengo ni mkono wake ujue kwamba kugonga kunafungua mlango. Kisha sekunde 10, kisha 20. Baadaye tu akafundishwa kutoka: kugeukia ubavu badala ya kulala bapa, kutia kigasha kati ya kifua chake na cha mwenzake, kutoa nyonga nje, kutoa pumzi. Mwalimu hakuwahi kumshika kwa ghafla mbele ya darasa kuonyesha mbinu. Alipofanya mazoezi na mwanamume kwa mara ya kwanza, wiki ya 7, yeye ndiye aliyechagua nani.

Kutupwa kwa mara ya kwanza

Mbinu ya kwanza aliyotupwa nayo ilikuwa o-goshi, ya nyonga. Kuna sababu ya kutoanza na o-soto-gari, ingawa ndiyo rahisi kuonyesha na ndiyo vijana huipenda. O-soto-gari hufagia mguu na kumpeleka mtu moja kwa moja nyuma, na kisogo ndicho kinachoning'inia. Ajali mbaya za kichwa kwa wanafunzi wapya katika shule za Japani zimehusishwa sana na mbinu hiyo. O-goshi humzungusha anayetupwa juu ya nyonga na kumshusha ubavu, ilimradi anayetupa asiachie mkono wa nguo. Hapo ndipo penye kazi: mkono unaoshika nguo ya mwenzako karibu na kiwiko uvute juu wakati anapotua. Ukiuachia, bega lake hutangulia. Ukiinama naye, unamwangukia mbavu. Kwa hiyo yule anayemtupa mgeni awe mwenye mkanda wa juu na asimzidi kwa zaidi ya kilo 10. Kuwaoanisha wageni wawili ili “wajifunze pamoja” ndiko huleta mitulinga iliyovunjika.

Mvua, nguo na safari ya usiku

Wiki ya 8 alipotea. Mwezi ulikuwa Aprili, Jogoo Road imejaa maji, nauli inapanda mara mbili mvua ikianza, shule zinakaribia kufunguliwa. Hayo ndiyo aliyoyasema. Lakini yalikuwapo mengine mawili ambayo ilibidi aulizwe.

La kwanza ni nguo. Traksuti haishikiki, na alikuwa peke yake asiye na judogi, yaani vazi la judo. Alikuwa amepata vazi la karate la mtumba sokoni Gikomba, bei nzuri, na lilipasuka kwapani siku ya kwanza. Vazi la karate ni kitambaa chepesi cha kurushia ngumi. Koti la judo hufumwa nene lihimili kuvutwa. La mashindano ya kimataifa lina gramu 650 hadi 750 kwa mita ya mraba, na la mazoezi linaweza kuwa jepesi zaidi lakini bado limefumwa kwa ajili ya kushikwa. Judogi mpya inaweza kumeza ada ya miezi kadhaa. Ukumbi makini huweka judogi tatu au nne za kuazima, za saizi ya sentimita 160 hadi 180, na mgeni huzifua mwenyewe kwa maji baridi na kuanika kivulini, kwa sababu pamba mpya hurudi. Ukumbi huu ulikuwa nazo. Hakuna aliyemwambia.

La pili ni safari. Nairobi jua huzama kabla ya saa moja mwaka mzima. Mwanamke aliyeporwa steji jioni alikuwa anatakiwa kutoka darasani saa moja na nusu na kwenda steji peke yake. Alikuwa anakuja kujifunza usalama kwa kupita kila wiki kwenye kitu anachokiogopa, na hakulisema. Dawa ilikuwa rahisi: darasa linatoka pamoja, wanaoelekea Umoja na Donholm wanangojana mlangoni, simu ziko ndani ya mabegi, na hakuna anayeondoka steji mpaka wa mwisho apande.

Mwalimu hakumtumia ujumbe wa “umepotea”. Alimwandikia: “Alhamisi tunarudia o-goshi, na mwenzako hana mtu wa uzito wake. Kuna judogi ya kuazima.” Alirudi Alhamisi hiyo. Mtu mzima hurudi mahali anapohitajika kwa jambo fulani.

Alipo sasa

Ni mwezi wake wa sita wa mazoezi. Ana mkanda wa njano. Alipouliza kuhusu wezi wa simu aliambiwa bila kuzungushwa: simu iache iende, usigeuke kwa nguvu, panua miguu, shusha nyonga, na ukivutwa ukaenda chini, kidevu kifuani. Akikamatwa mkono, njia ya kutoka ni upande wa kidole gumba cha mshikaji, na baada ya hapo ni mbio. Anaijua sasa kwa sababu kila kipindi mtu humkamata na kukataa kumwachia.

Kazi iliyobaki ni kubingirika mbele kwa upande wa kulia, ambako mkono uliovunjika ndio unaotangulia. Bado anaukunja kiwiko dakika ya mwisho na kutua kwenye ncha ya bega. Mwalimu amemshusha hadi goti moja: ukingo wa kiganja upande wa kidole kidogo uguse mkeka, vidole vikielekea ndani, mkono uwe mviringo kuanzia hapo hadi begani, kichwa kitazame kwapa la kushoto, mwili upite kwa mshazari kutoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto. Mara 10 kila kipindi, upande huo tu, na hatasimama mpaka apite zote 10 bila bega kugonga. Pushapu anafanya kwa ngumi juu ya mkeka, kifundo kimenyooka, seti tatu za mara 8.